Pengo Katikati ya Picha Mbili: Hadhira na Mchoro wa Mkono Kaskazini Mashariki mwa Kenya

Hadithi ya picha inayotengenezwa kwa mkono, yaani masimulizi yanayojengwa kwa mchoro wa kalamu, kwa rangi ya kopo juu ya ukuta au kwa kidole kinachopita juu ya mchanga, bila umeme wala mtambo, huzungumziwa zaidi kwa upande wa aliyeitengeneza: ustadi wake, vifaa vyake haba na ubunifu unaomwezesha kufanya mengi kwa machache. Mtazamaji huachwa nje ya mjadala, kana kwamba anapokea tu kitu kilichokwisha kukamilika kabla hajafika. Tafakari hii inamhusu huyo mtazamaji, na inamwangalia akiwa Garissa, Wajir, Mandera na katika kambi za wakimbizi za Dadaab, eneo ambalo kabla ya ugatuzi wa mwaka 2013 lilikuwa Mkoa wa Kaskazini Mashariki. Hoja yake ni kwamba upungufu wa picha ya mkono, yaani utulivu wake, ukimya wake na mengi isiyoyaonyesha, ndio unaompa mtazamaji kazi ya kufanya, na kwamba katika jamii ambamo hadithi haianzi mpaka hadhira iitikie, kazi hiyo hupokewa kama haki.

Mtu anaweza kupinga tangu mwanzo kwamba eneo hili ni mfano mbaya. Wasomali, ambao ndio wengi wa wakazi wake, wakiishi jirani na Wamunyoyaya na Wamalakote kandokando ya Mto Tana na Waboni upande wa kusini, wamejulikana kwa muda mrefu kuwa watu wa neno. Mashairi yao hutungwa na kuhifadhiwa kichwani, husafiri kwa mdomo kutoka kisima hadi kisima, na alfabeti rasmi ya Kisomali, inayotumia herufi za Kilatini, ilianza kutumika nchini Somalia mwaka 1972 tu. Tena ni jamii ya Kiislamu, ambamo wanazuoni wengi huchukua tahadhari juu ya kuchora viumbe wenye roho. Kwa hiyo msomaji anayetafuta turathi ya sanamu, vinyago au michoro ya watu katika kaunti hizi atarudi mikono mitupu, na huenda akahitimisha kwamba hapa hadithi ni ya sikio, na jicho halina kazi kubwa ndani yake.

Hitimisho hilo lina haraka. Mtambaji wa hadithi za usiku, anapofungua kwa kuita «sheeko sheeko» na kujibiwa «sheeko xariir», mwito na mwitiko ambao watu wa pwani wanaujua kwa sura yao wenyewe ya paukwa na pakawa, hatumii sauti peke yake. Akifika kwa Dhegdheer, zimwi la kike ambalo sikio lake refu husikia nyayo za mtu aliye mbali, mkono wake unaweza kuwa sikio hilo. Ana fimbo, ana mwanga wa moto unaotupa vivuli juu ya mikeka ya nyumba, na mbele yake pana mchanga unaokubali kuchorwa njia, zizi na kisima, kisha ukafutwa. Hadhira, kwa maana ya kundi la wanaosikiliza na kutazama kwa pamoja, huitikia kwa kinywa na kwa jicho vilevile, kwa kuwa ni yenyewe inayokubali kwamba mstari uliopigwa ardhini ni mto na kwamba kijiti kilichosimikwa kando yake ni mtu.

Mazoea hayo ya kukubali na kukamilisha yanaonekana waziwazi katika mambo ambayo kwa kawaida hayaitwi hadithi. Mchezo wa shax, unaochezwa chini ya miti wakati joto la mchana limewapumzisha watu, huchorwa ardhini kwa kidole: miraba mitatu, mmoja ndani ya mwingine, iliyounganishwa kwa mistari hata yakapatikana makutano 24, na kila mchezaji huwa na kete 12 za mawe, vijiti au samadi kavu. Wanaouzunguka mchezo hawakai kimya. Wanaonya, wanacheka, wanabishana juu ya kete ambayo ingefaa kusogezwa, na mchezo ukimalizika wanausimulia upya, kila mmoja akiupa mwisho ambao wachezaji hawakuufikia. Vivyo hivyo chapa ya moto iliyopigwa juu ya ngamia, ambayo kwa mgeni ni mstari na kipande cha duara, humweleza mfugaji aliyesimama katika soko la mifugo la Garissa ukoo wa mwenye mnyama huyo, na kutoka hapo akaweza kukisia njia iliyomfikisha sokoni. Na mikeka inayofunika aqal, nyumba ya wafugaji wanaohama, hufumwa na wanawake ambao ndio wanaoijenga nyumba yenyewe kwa fito zilizopindwa, ikabebwa juu ya ngamia wakati wa kuhama, na mwanamke aliyezoea kazi hiyo hutazama ufumaji wa mwenzake akaona mahali mkono ulipotulia na mahali ulipochoka. Katika hali zote hizi alama ni chache na maelezo ni mengi, na maelezo hayo yako kwa mtazamaji.

Mjini, mtazamaji huyo hukutana na ukuta. Maduka ya Garissa, kama yale ya masoko ya Ifo, Dagahaley na Hagadera huko Dadaab, yamekuwa yakipambwa kwa picha zilizochorwa moja kwa moja juu ya lipu au mabati kwa brashi na rangi ya mafuta: jino lenye mizizi mirefu mahali pa kung'olea meno, bomba la sindano na chupa ya dawa mahali pa mfamasia, cherehani kwa fundi wa nguo, sahani ya wali na nyama ya mbuzi kwa mwenye hoteli, ngamia kando ya kikombe kwa muuza maziwa. Sababu ya kwanza ni ya kibiashara. Mfugaji anayeingia mjini kuuza mbuzi wawili na kununua sukari na majani ya chai huenda hasomi Kiingereza wala Kiswahili, na aliyesoma dugsi, yaani chuo cha Kurani, anaweza kuyajua maandishi ya Kiarabu bila kuzijua herufi za Kilatini; picha humwondolea kila mmoja wao aibu ya kuuliza.

Hata hivyo ukuta huo haukomi kwenye tangazo. Mchoraji hana nafasi ya mandhari, kwa hiyo kila kitu huelea peke yake, bila meza chini yake na bila kivuli. Kiatu kinaweza kulingana ukubwa na gunia, na saa ya mkononi ikawa kubwa kuliko redio. Mtazamaji hashangai, kwa kuwa anajua kwamba vipimo si kazi ya picha, ni kazi yake. Anapopita mbele ya duka hupanga upya vitu hivyo kwa mahitaji yake, akianza na dawa iwapo kuna mgonjwa nyumbani au na viatu iwapo Idi imekaribia, na orodha ambayo mchoraji aliipanga kwa nafasi iliyobaki ukutani hugeuka kuwa masimulizi ya siku ya mtu mmoja. Mkono wa mchoraji unabaki kuonekana: rangi iliyochuruzika, mstari uliorudiwa, jicho la ngamia lililowekwa mbele mno. Kasoro hizo zinamfahamisha mtazamaji kwamba mtu fulani alisimama pale akaamua, na palipo na uamuzi wa mtu, mwingine anaweza kuuliza au kukataa. Picha iliyochapishwa kiwandani, hata ikiwa na ubora mkubwa, haimpi mlango huo kwa urahisi.

Wataalamu wa karne ya 20 waliowahi kuchunguza jinsi watu wasiozoea picha wanavyozitazama hawakumtendea haki mtazamaji wa namna hii. Kisa kilichosimuliwa na John Wilson na kuenezwa na Marshall McLuhan katika kitabu chake cha mwaka 1962 kinahusu filamu fupi ya usafi iliyoonyeshwa katika kijiji cha Kiafrika, ikieleza polepole jinsi ya kuondoa maji yaliyotuama nyumbani. Watazamaji walipoulizwa walichokiona walijibu kwamba waliona kuku, na watengenezaji, ambao hawakujua kwamba kuku alikuwamo, walilazimika kuipitia filamu upya hadi wakamkuta akipita kwenye pembe ya picha kwa muda mfupi mno. Kisa hicho kilitolewa kama ushahidi kwamba hadhira haikujua kutazama. Lakini kinasomeka kwa upande wa pili pia: watu hao walikiona kitu ambacho waliokishika kinasa picha hawakukiona, na walikitambua kwa sababu katika ulimwengu wao kuku anayekimbia ni tukio lenye sababu na matokeo, ilhali mtu anayemwaga maji taratibu hakuwa ameanza kuwa hadithi.

Utafiti mwingine uko karibu zaidi na eneo hili. Mwaka 1972 Jan Deręgowski na wenzake walichapisha matokeo ya kazi waliyoifanya kwa Wame'en wa kusini-magharibi mwa Ethiopia, jamii iliyokuwa haijazoea picha wala karatasi. Kwa kuwa karatasi yenyewe ilikuwa kitu kigeni kilichowavutia watu kuishika na kuinusa kabla ya kuangalia kilichochorwa, watafiti walichora wanyama juu ya kitambaa, na wengi wakawatambua, wengine kwa kukusanya mnyama kiungo kwa kiungo hadi akakamilika. Jambo la kuzingatia hapo ni mwendo wa utambuzi wenyewe. Kutazama kulikuwa kazi yenye hatua, iliyofanywa kwa sauti, na kitambaa, ambacho mtu wa kawaida anakijua kwa mkono wake, kilimsaidia mtazamaji kuliko karatasi laini iliyotoka mbali.

Mahali ambapo mambo haya yote yanakutana, katika Kaskazini Mashariki ya leo, ni chini ya mgunga, pale mhudumu wa afya wa jamii anapofungua picha zake. Mwaka 1993 mbinu ya elimu ya usafi inayojulikana kwa kifupisho chake PHAST ilianza kufanyiwa majaribio katika nchi nne, Botswana, Kenya, Uganda na Zimbabwe, na mwaka 1998 Shirika la Afya Duniani likachapisha mwongozo wake. Mbinu hiyo ilikuwa na deni kwa kazi ya Lyra Srinivasan, mwalimu wa elimu ya watu wazima aliyeshikilia kwamba watu hujifunza wanapochunguza wenyewe kuliko wanapohubiriwa, na vifaa vyake vilikuwa vya kawaida kabisa: karatasi zilizochorwa kwa mistari myeusi, bila maandishi, ambazo mchoraji wa eneo husika alitakiwa kuzirekebisha zifanane na mavazi, nyumba na mifugo ya mahali pale. Kwa eneo ambako ugonjwa wa polio ulirudi mwaka 2013, na kwa kambi za Dadaab ambako kipindupindu kililipuka mwishoni mwa 2015, picha za namna hii hazikuwa burudani.

Katika mafunzo ya aina hiyo mna zoezi liitwalo hadithi yenye pengo. Kikundi huonyeshwa picha mbili: ya kwanza ni hali mbaya, tuseme kisima kilichobomoka na mifugo ikinywa mahali wanapochota watu, ya pili ni hali njema, kisima kilekile kikiwa na ukuta na birika la wanyama kando. Kati ya picha hizo hapana kitu. Washiriki ndio wanaoeleza nini kilitokea katikati: nani aliita kikao, nani alikataa kuchanga, fedha zilitoka wapi, wazee walitoa uamuzi gani, wanawake walikaa upande upi. Baadaye hupewa picha ndogondogo za hatua mbalimbali wazipange kama waonavyo. Katika zoezi jingine picha hugawanywa katika marundo matatu, la mema, la mabaya na la yale yaliyo katikati, na rundo hilo la tatu ndilo lenye mjadala mrefu, kwa kuwa hapo mtu mmoja huona mtoto anayecheza na mbuzi kuwa hatari ya uchafu na mwenzake humwona mtoto anayejifunza uchungaji.

Kwa mtazamaji aliyelelewa katika masimulizi ya Kisomali, pengo hilo si jambo la kigeni lililoletwa na shirika. Mafumbo yanayoitwa hal-xiraale, ambayo hutegwa kwa anayesikiliza ili ayategue, yamemzoeza kujua kwamba kauli iliyofungwa ni mwaliko. Hadithi za Igal Shidaad, mtu mwoga anayechekesha kwa werevu anaoutumia kuficha woga wake, zinasimuliwa kila mara kwa namna mpya, na msikilizaji wa jana ni msimulizi wa kesho. Picha mbili zenye uwazi katikati zinamkuta akiwa tayari, na ndiyo maana mazungumzo yanayofuata yanaweza kuchukua muda mrefu kuliko yule aliyezileta alivyopanga. Ustadi wa mhudumu katika saa hiyo ni kunyamaza, kwa maana akilijaza pengo mwenyewe amegeuza hadhira kuwa darasa, na picha zake zimekuwa amri zilizochorwa.

Tofauti na filamu inasaidia kulieleza jambo hili. Shirika la FilmAid, lililoanzishwa mwaka 1999 kwa ajili ya wakimbizi wa Kosovo, lilianza kazi katika kambi ya Kakuma mwaka 2001 na Dadaab mwaka 2006, likionyesha picha usiku juu ya skrini kubwa kwa umati uliokaa mchangani. Kwa kambi ambazo ya kwanza yake, Ifo, ilifunguliwa mwaka 1991, ambazo zilipangwa kwa ajili ya watu 90,000 na ambazo mwaka 2011 zilikuwa na zaidi ya 400,000, mkusanyiko wa namna hiyo ulikuwa na thamani isiyopaswa kubezwa, na vijana wa kambini walifunzwa kutengeneza filamu zao wenyewe. Lakini filamu ina mwendo wake, na mwendo huo haumngojei mtu. Mtazamaji anayetaka kuuliza mbuzi yule ni wa nani huwa amepitwa na mbuzi, na swali lake humwendea jirani kwa kunong'ona. Karatasi iliyoshikwa mkononi husimama mpaka swali lijibiwe, hurudishwa nyuma mzee aliyechelewa anapofika, hupitishwa kwa anayeona vibaya, na ikilazimika hugeuzwa juu chini na mtoto ambaye naye ana maoni. Muda wa hadithi unakuwa mikononi mwa wanaoitazama, na huo ni uhuru ambao teknolojia ya juu zaidi imeurudisha kwa sehemu tu, kwa kitufe cha kusimamisha kinachoshikwa na mtu mmoja.

Haifai, hata hivyo, kuufanya uhaba kuwa fadhila. Picha ya mkono inaweza kuwa ya hila kama nyingine yoyote, kwa sababu anayechora ndiye anayeamua nani aonekane mchafu na nani msafi. Mchoro uliotengenezwa Nairobi na mtu asiyewahi kuvuka daraja la Tana unaweza kuleta mwanamke asiye na shungi, nyumba ya msonge yenye paa la nyasi za nyanda za juu, au kisima chenye kamba na gurudumu mahali ambapo watu wanajua birika na pampu, na hadhira ya Garissa itakitambua kilichokosewa kabla ya kulisikia somo. Itaitika kwa adabu, itakubali kila kinachosemwa, na itaondoka ikijua kwamba hadithi ile ilikuwa ya watu wengine. Adabu hiyo imewahi kupokewa mara nyingi kama mafanikio. Eneo ambalo serikali ya kikoloni ililitangaza kuwa limefungwa mwaka 1926, na ambalo baada ya uhuru liliishi miaka mingi chini ya sheria za hali ya hatari, lina uzoefu mkubwa wa kuonyeshwa mambo yaliyokwisha kuamuliwa kwingine, na watu wake wanaitofautisha picha inayouliza na picha inayoagiza.

Vilevile kuna mambo ambayo mchoro hauwezi kuyabeba. Hauwezi kumfikia mchungaji aliye mbali na kikao, ilhali redio na simu humfikia. Hauhifadhi sauti ya mtambaji. Na hauwezi kuzuia kwamba vijana wengi wa Garissa leo hutazama hadithi zao juu ya kioo cha simu, kila mmoja akiwa na chake, wakiwa wameketi pamoja. Kuwalaumu kwa hilo hakuna maana, kwa kuwa nao wanasimulia na wanaitikia kwa njia yao. Kinachopungua ni jambo moja linalotajika: kitu kimoja kinachotazamwa na wote kwa wakati mmoja, kilicho dhaifu kiasi cha kuhitaji msaada wa kila aliyepo ili kieleweke.

Udhaifu huo ndio kipimo kinachofaa kutumiwa na wanaotengeneza hadithi za picha kwa ajili ya kaunti hizi, wawe wizara, mashirika, walimu au wasanii. Ubora wa mchoro usipimwe kwa unadhifu wa mstari wala kwa idadi ya nakala zilizogawanywa, upimwe kwa yale ambayo watazamaji wameyasema ambayo mchoraji hakuyachora, na kwa mabadiliko ambayo picha imelazimika kufanyiwa baada ya kuonyeshwa mara ya kwanza. Mchoraji wa mabango wa mjini, anayejua jinsi shungi linavyokaa na jinsi ngamia anavyopiga magoti, anastahili kukaa katika meza ambayo picha hizo hubuniwa, na kikao cha kwanza cha hadhira kihesabiwe kuwa sehemu ya uchoraji. Mtazamaji akipewa nafasi hiyo hatakuwa amepewa hisani. Atakuwa ametambuliwa kwa kazi ambayo amekuwa akiifanya siku zote, mchangani, sokoni na ndani ya aqal, bila kuitwa mwandishi mwenza wa hadithi.